Nilimzulia Shemeji Mwanamke wa Randburg Ili Kitabu Changu Kisomwe

Jamani, nimekosa, na safari hii sina wa kumsukumia lawama. Nimevunja nyumba ya dada yangu kwa sababu ya kitabu. Tena kitabu chenyewe hakina hata karatasi, kinasomwa kwenye simu!

Msinicheke kabla sijamaliza. Mkimaliza kusoma chekeni tu, hata mimi huwa najicheka.

Naishi Turffontein, kusini mwa Johannesburg, chumba cha uani kwa dada yangu. Yeye ndiye aliyenitoa Tanga, akanipokea, akanitafutia kazi kwenye duka la kutoa kopi. Pale nachapa vipeperushi vya waganga, vile vilivyobandikwa kwenye kila nguzo ya mji huu: rudisha mpenzi, pata kazi, shinda kesi. Mganga huleta jina na namba ya simu tu. Shuhuda za waliosaidiwa naziandika mimi. "Mama fulani wa Alexandra, mume wake karudi analia." Huyo mama hajawahi kuzaliwa! Nilimtunga huku nakula chipsi.

Basi nikajiuliza, mtu mwenye kipaji hiki anakosaje kuwa mwandishi?

Nikaandika kitabu cha ndoa, nikakiita Mume Hatoroki. Ndiyo, mimi, ambaye sijaoa, na mchumba wangu wa mwisho alinikimbia bila kuaga. Jalada nikatengeneza mwenyewe kwenye kompyuta ya kazini, mkono wa bwana umeshika mkono wa bibi. Nikakipandisha kwenye mtandao wa kuuzia vitabu, nikakaa kusubiri wasomaji.

Loh! Kimya. Nikakitangaza kwenye grupu la Watanzania wa hapa, wakaniwekea vidole gumba, kisha mmoja mmoja akanifuata pembeni: "Bro, nitumie PDF." Bure, kama vile nimekiokota! Binamu yangu wa Tanga nilimtumia, akaniuliza kama kina picha.

Nikatafuta mafunzo ya waandishi wapya mtandaoni. Mwalimu mmoja akasema kitabu kisicho na maoni ya wasomaji hakuna atakayekigusa. Akasema wape watu wachache wakisome, waombe maoni yao ya kweli, halafu subiri. Hapo pa kusubiri nikaparuka. Maoni? Ushuhuda? Mbona hiyo ndiyo kazi yangu ya kila siku!

Nikahitaji sura ya mtu. Nikamchagua shemeji, mume wa dada.

Wallahi sikumchagua kwa ubaya. Shemeji ni fundi wa vigae, mtu mpole, swala tano, hata sauti hapandishi. Wake za watu mtaani wakitaka kuwasema waume zao wanamtolea mfano yeye. Nikasema, huyu hata nikiandika nini, nani ataamini? Watajua ni tangazo tu. Akili yangu yote iliishia hapo.

Nikachukua picha yake ya Idi, amevaa kanzu, nikaandika chini yake: "Nilikuwa na mwanamke wa siri Randburg. Nilishapanga kumwacha mke wangu. Nilipofika sura ya tatu nikalia, nikarudi nyumbani. Asante Mume Hatoroki!" Nikatia na jina: Baba Swaumu, Turffontein.

Randburg niliiweka kwa sababu iko kaskazini huko, mbali na kwetu. Ningeweza kuweka mahali popote!

Nikachapa, nikapika gundi ya unga, nikabandika kwenye nguzo za robot, yaani zile taa za barabarani, kuanzia dukani kwetu mpaka karibu na uwanja wa mbio za farasi. Moja nikairusha kwenye grupu. Ruhusa sikuomba. Nilidhani atacheka.

Wa kwanza kucheka alikuwa dada. Jirani alimwonyesha, akanipigia simu kazini anacheka mpaka anakohoa. "Eish, we mdogo wangu mwehu! Baba Swaumu huyu huyu anayesinzia saa mbili? Ngoja arudi, nimtanie."

Jioni tukakaa kula. Shemeji akaingia, akanawa, akajiunga. Swaumu, binti yao, yuko kwenye katuni zake za Kiingereza, hana habari na sisi. Dada akakaza uso, akamwuliza, "Baba Swaumu, eti, mke mwenzangu wa Randburg hajambo?"

Shemeji tonge likabaki mkononi. Mimi nikaanza kutabasamu, nikijua sasa hivi dada atatoa simu amwonyeshe.

"Nani amekwambia?" akauliza.

"Mji mzima unajua," dada akasema, bado anazuia kicheko.

"Basi nisamehe, Mama Swaumu. Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kukwambia. Tulifunga ndoa ya halali, sikuzini. Na mtoto ameanza kutambaa, sikupenda akue hamjuani."

Mtoto! Jamani, nani alitaja mtoto? Kwenye tangazo langu hamna mtoto!

Nikaruka. "Shemeji, nyamaza, ni tangazo la kitabu!" Nikamwekea simu mbele ya macho. Akasoma polepole, akarudia kusoma. Kisha akaniangalia kama mtu aliyemkabidhi simu yake mtu aliyemdhania kibaka, kumbe yule alikuwa anauliza saa tu.

Dada hakupiga kelele. Heri angepiga! Aliinuka, akakusanya sahani zote, hata yangu ambayo nilikuwa sijamaliza, akaenda kuziosha. Kutoka jikoni tukamsikia, "Nenda ukalale kwa huyo anayetambaa."

Shemeji akaenda. Dada alidhani atakaa huko kidogo, hasira zipoe, arudi. Hajarudi. Zamani shemeji alikuwa anaiba muda kwenda Randburg, sasa anaiba muda kuja kwetu. Anasimama getini Ijumaa, anambusu Swaumu kichwani, anaondoka.

Na kitabu? Kinasomwa! Hicho ndicho kinachoniuma. Kila mtu anataka kuona sura ya tatu ina nini mpaka mwanamume mzima akalia, na sura ya tatu inahusu bajeti ya mboga! Mama mmoja wa Kikongo alikuja dukani na picha ya mumewe. "Mon frère, kaka yangu, weka na huyu. Andika Pretoria. Tuone atasema nini." Nikamfukuza. Akarudi na mwenzake.

Wapo wanaonisifu, eti nimefichua uovu. Siku moja nikajaribu kumwambia dada hivyo hivyo, kwamba angalau sasa anaujua ukweli. Aliniangalia mpaka nikatamani kurudi Tanga kwa miguu.

"Ukweli nilikuomba lini? Mimi nilikuwa na mume anayerudi nyumbani. Huo ukweli wako utamshika Swaumu mkono kumpeleka shule?"

 

Nilikwenda na maji na kisu kubandua vile vipeperushi. Gundi niliipika vizuri mno, wapita njia wananitazama nakwangua uso wa shemeji kwenye nguzo. Nilijichukia, jamani! Kitabu nimekishusha mtandaoni, lakini PDF zinazunguka, siwezi kuzikamata.

Ninyi mnaoandika vitabu vyenu wenyewe na kuvihangaikia sokoni, nawaambieni kwa uchungu: ombeni wasomaji, bembelezeni, subirini. Wakiwapa maoni mawili, wekeni hayo mawili. Wasiposema kitu, kaeni na kitabu chenu kimya kimya, hakuna aliyekufa kwa kukosa wasomaji. Lakini msimtungie mtu aliye hai maneno ambayo hakuyasema.

Juzi dada alikuja uani kwangu, mara ya kwanza tangu siku ile. Nikadhani amekuja kunifukuza, nikaanza kukunja shuka. Akakaa kitandani.

"Tengeneza tangazo jingine," akasema. "Ile picha ya Idi unayo bado. Andika kwamba amerudi."

"Dada, mimi nilitunga tu. Ulikuwa uongo."

"Najua ulikuwa uongo," akasema. "Andika."