Likizo ya Mwalimu Ntakije Kwenye Pori la Nyuki

Nakumbuka siku ile ya Juni shule ilipofungwa, mwanangu, na kwanza kabisa nakumbuka mikono ya Mwalimu Ntakije. Sisi Waha, unajua, salamu zetu ni za makofi. Unapiga taratibu, unauliza watoto, unauliza shamba, unauliza mifugo, mpaka mwenzako aridhike. Mwalimu alikuwa ameacha. Alipita mbele ya mlango wangu pale Titye, nikampigia makofi, akaniinulia kidevu tu na kwenda zake. Nikasema moyoni, huyu mtu kaisha.

Ilikuwa miaka ya sabini, watu wametoka kuhamishiwa kwenye vijiji vipya, na darasa lake lilijaa watoto hadi madirishani. Mchana alifundisha watoto, jioni aliwafundisha wazazi wao kusoma. Sauti yake ilikuwa inakwaruza kabisa. Mkewe, Mama Yusta, alinieleza kwamba nyumbani hasemi kitu ila kukaripia, na kwamba mwenye duka mmoja wa Kasulu mjini amemwahidi kazi. Jibu lilitakiwa likizo ikiisha.

"Mpeleke huko kwa nyuki wako," akaniambia. "Akirudi hivi hivi, basi aende huko dukani akawapimie watu sukari."

Mimi nilikuwa kijana. Shule yangu ni darasa la pili, na hilo la pili lenyewe sikulimaliza. Lakini baiskeli ilikuwa yangu mwenyewe, na asali niliyoitoa mapori ya Kibondo ilijulikana Kasulu nzima. Sisemi kwa majivuno, waulize waliokuwepo. Nikampakia mwalimu nyuma, tukaenda.

Siku za mwanzo kambini alinichosha. Alipanga zamu za kuchota maji, na tulikuwa wawili tu. Alinisahihisha namna ya kufunga kamba, mimi niliyezaliwa na kamba mkononi. Lakini kwenye mizinga tuna sheria moja: chini ya mti wa nyuki hakuna kelele. Ninapopanda na moshi, aliye chini tunaongea naye kwa ishara. Basi mwalimu akanyamaza. Nadhani tangu aanze kazi hakuwahi kukaa kimya hivyo na bado akaelewana na mtu.

Siku moja nikashuka na ndoo ya asali, nikamkuta amekaa juu ya gogo nililokuwa nalichonga mzinga. Ameshika kisu changu na kipande cha mti, ulimi umetoka nje kama mtoto. Nikamuuliza anachonga nini. Akasema kanga, yule ndege. Mimi niliona nguruwe, nikamwambia hivyo, akacheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza tangu tuondoke Titye. Kesho yake akachonga kanga mwingine, halafu kobe, halafu mwanamke anatwanga. Vikaanza kupendeza, na mimi, mtu wa biashara, nikaona soko. Nikamwambia tuvipeleke mjini.

"Hivi si vya kuuza," akasema.

"Basi ni vya darasani."

"Wala si vya darasani. Mdogo wangu, nacheza tu."

Mwanangu, sikuwahi kumsikia mtu mzima, tena mwalimu, mwenye familia na heshima zake, akisema anacheza bila kuona haya. Nimekutana na wakubwa wengi maishani, lakini wachache nimewaheshimu kama nilivyomheshimu yeye akiwa na maganda ya mti kwenye ndevu. Siku zilizofuata akawa anaimba huku anachonga, nyimbo zetu za kulimia, na mkwaruzo ule sikuusikia tena.

Wakati wa kurudi tukakutana na bibi mmoja ana mzigo wa kuni. Mwalimu akashuka kwenye baiskeli, akampigia makofi. Akauliza watoto, akauliza shamba, akauliza mbuzi. Nilisimama juani na asali yangu mpaka magoti yakauma, na sikumharakisha.

Kasulu mjini, yule mwenye duka alikuwa ameshamwekea kiti nyuma ya mizani. "Karibu kitini kwako, Mwalimu," akasema.

Mwalimu akamwamkia shikamoo, akatoa mfukoni yule kanga mzuri, akamweka juu ya mizani. "Asante, mzee wangu. Kiti mpe mwingine. Mimi kuna watoto wananisubiri."

Shule ilipofunguliwa nilipita makusudi. Watoto walimpigia makofi mlangoni, naye akawapigia, darasa zima. Alifundisha pale mpaka akastaafu, na kila Juni tulikwenda porini.

Leo nina malori, mwanangu, nina nyumba ambayo fundi mmoja alikuja kuipima ili akajenge nyingine kama hiyo. Lakini kila kiangazi nafunga geti na kuchonga vigoda. Vinayumba. Hakuna anayevikalia ila mke wangu, naye ni kwa kunionea huruma. Yule kanga-nguruwe ninaye mezani, mwalimu aliniachia.

Kwa hiyo nakuambia: ukichoka, usiiache kazi yako kabla hujapumzika. Na kulala peke yake hakutoshi. Tafuta kitu cha kufanya kwa mikono, kisicho na bosi wala mnunuzi, ukifanye hata kama unakifanya vibaya. Siku utakayomjibu jirani kwa kidevu, ujue pori linakuita.

Mungu akupe kazi inayostahili jasho lako, akupe na mahali pa kuchezea, na mikono yako isichoke kusalimia watu.