Siku Tatu Nilizomnyima Mama Yangu

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, ilikuwa Jumatano ya mwezi wa sita, wakati baridi ya Lubumbashi inapouma vidole kama siafu. Nilikuwa nimeinamia beseni, mikono imezama hadi viwikoni, mama yangu mdogo Kabedi alipotokea kwenye lango la ua. Alikuwa ametoka Kipushi alfajiri juu ya lori la mizigo, na vumbi jekundu lilimjaa hata kwenye nyusi. Kabla sijakwambia alichokuja kusema, acha nikueleze nilikuwa nafanya nini pale, kwa maana kosa la mtu halieleweki mpaka ujue alisimama wapi alipolitenda.

Nilikuwa msichana wa umri wako. Kampuni moja ilikuwa na nyumba ya kulaza wageni wake, na nyuma ya nyumba hiyo tulifua mashuka, wanawake wanne. Wenzangu walifua kila siku. Mimi nilichukuliwa kwa siku tatu za juma tu, tena nusu siku, kwa malipo ya sabuni na chumvi.

Shuka iliyolowa haikamuliwi na mtu mmoja. Mmoja hushika ncha hii, mwingine ncha ile, huyu husokota kulia na yule kushoto, mpaka maji yatoke. Ndiyo kazi yenyewe. Basi wenzangu, wakiongozwa na Mama Astrida aliyekuwa mkubwa wetu, walikataa kushika ncha yangu. Mama Astrida alikuwa amemtafutia mdogo wake nafasi ile, nami nikaingia bila kupitia kwake, hilo lilitosha. Walipokezana wao watatu, na mimi nilifunga ncha ya shuka kwenye nguzo ya kamba, nikasokota peke yangu. Ikigusa ardhi, naifua upya.

"Mutoto ya Kipushi," Feza, aliyekuwa mdogo kwa umri kati yao, alikuwa akiniambia, "nguzo njo bwana yako sasa. Umupikie bukari." Yaani nimpikie nguzo ugali kama mume. Na wenzake wakicheka.

Tena palikuwa na desturi pale. Msichana aliyeshindwa akatoka, walichukua fagio wakafagia nyayo zake kutoka kwenye kamba hadi langoni, wakiimba kama watu wanaofagia ua wa kilio siku ya kumaliza matanga. Niliwaona wakimfanyia hivyo msichana mmoja, akalia mpaka barabarani. Siku hiyo niliapa moyoni kwamba mimi hawatanifagia. Nikakaa miaka miwili. Wazee husema mvumilivu hula mbivu, nami nililishika neno hilo kama rozari. Sikujiuliza kama mti niliokuwa nikiungojea ulikuwa wa kuzaa.

Sasa rudi nami kwa mama yangu mdogo pale langoni.

"Mama yako iko anakuita," alisema, bila hata kunisalimu. "Tangu juzi hakule kitu. Lori inarudia saa sita. Vaa viatu."

Nilitazama nyuma. Wote watatu walikuwa wameacha kufua. Feza alisema taratibu, kama mtu anayemhurumia mgonjwa, "Aende, maskini. Fagio iko pale."

Mwanangu, mbele ya Mungu sina la kujitetea. Nilimpenda mama yangu. Lakini mbele ya macho ya wale watatu, kiburi ndicho kilichojibu.

"Nitakuya siku ya posho, mama mudogo," nilisema, yaani Jumamosi. "Wacha nimalize juma."

"Juma ya nani? Yako ao ya bale?"

Nikainamia beseni tena. Akaniambia neno ambalo nimelibeba kuliko mimba zangu zote: "Muntu haina shuka, ati kesho utamukuta palepale kwenye kamba."

Mtu si shuka, ndivyo alivyomaanisha. Akageuka, akaenda zake.

Ijumaa ile nilikamua kuliko siku zote, shingo imenyooka. Hakuna aliyenidhihaki. Walikuwa wakizungumza habari za harusi ya jirani, wala hawakunitazama. Mimi, mpumbavu, nilidhani nimeshinda.

Jumamosi nilifika Kipushi nikakuta wanawake wamekaa chini nje ya nyumba yetu, na wanaume wamezunguka moto wa magogo. Sikuhitaji kuambiwa. Mama Kabedi alinyanyuka, akaniondolea mfuko begani, akasema kwa sauti ndogo:

"Aliuliza juu yako mara mbili. Mara ya pili nilimudanganya, nikasema uko mu njia. Jana hakuuliza tena."

Wazee walisema majuto ni mjukuu, huja nyuma. Usinune, wewe mjukuu unayeniandikia. Methali hii si mimi niliyeitunga. Nataka ujue tu kwamba mjukuu huyo mwingine hakui, haolewi, wala hatoki nyumbani kwangu.

Baada ya matanga nilirudi kwenye ule ua, kichwa kimenyolewa. Nilimwambia Mama Astrida kwamba natoka. Nilikuwa nimejiandaa kwa wimbo wao. Nilitaka hata waimbe, ili niwachukie vizuri. Mama Astrida aliangalia kichwa changu, akainamisha macho. "Pole," alisema. Feza hakugeuka. Alisema, "Ukitoka, funga mulango. Vumbi inaingia mu mashuka."

Basi. Hakuna aliyefagia. Nilimnyima mama yangu siku tatu za mwisho kwa kuogopa fagio ambalo hawakulinyanyua.

Kwa muda mrefu niliwalaani wanawake wale. Siku hizi siwalaani tena. Vidole vya Mama Astrida vilikuwa vimekunjwa na maji ya baridi hata hakuweza kufunga ngumi, na hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Mtu asiye na mlango humchukia mwenye mlango. Mimi nilikuwa nao, nikakaa ndani miaka miwili nikishindana na wafungwa kuona nani atakuwa wa mwisho kutoka.

Ngoie, Jumapili ulikuja hapa baada ya misa ukakaa kwenye kile kiti cha mlangoni. Ulinieleza habari za duka la simu unakofanya kazi nusu siku, jinsi wenzako wanavyokuficha wateja na kukuita Madame la Ministre, yaani bibi waziri, kwa sababu unasomea uuguzi. Ulisema masomo ya mchana unayakosa kwa kuwa wanakuachia ubaki hadi kufunga duka kila siku. Nikakuuliza kwa nini hutoki. "Kambo," ukaniambia, kwa jina mnalotuita sisi wazee wa nyumba, "nikitoka, batasema njo balinishinda."

Sikukujibu siku ile. Jibu lilikuwa mbali, ilinipasa kulifuata. Leo liandike kwa mkono wako mwenyewe, wala usilipambe.

Sikufundishi kukimbia kila ukitukanwa. Mtoto anayeacha kazi kwa neno moja ataacha na ndoa kwa neno moja. Kazi chungu inayokulisha, ivumilie. Kazi chungu inayokufundisha, ivumilie pia. Lakini isiyokulisha wala kukufundisha, unayoishika ili tu adui asicheke, hapo umekwisha kuwa mtumwa wa kicheko chake. Jiulize unakaa kwa ajili ya nani. Ukiona jina linalokuja ni la mtu asiyekupenda, simama. Yule anayekupenda anangoja mahali fulani na wewe hupo.

Wala usitoke kwa kelele. Nenda asubuhi, rudisha funguo, mshukuru mwenye duka, waage hata wale wasioitikia. Usitazame nyuma kuona kama wanakutazama. Hawakutazami, mwanangu. Wana mizigo yao, nasi tunajidhania wakubwa sana machoni pa watu. Halafu uende darasani siku hiyohiyo, usingoje Jumamosi.

Haya ndiyo ninayoyajua. Nimeyapata kwa gharama ambayo siombi mtu wa nyumba hii ailipe tena.

Mwenyezi Mungu aibariki mikono yako, ipate wagonjwa wa kuinua. Akuepushe na ushindi usio na faida. Akupe mwenzako wa kweli katika kazi utakayoichagua, na moyo mwepesi wa kuiacha isiyo yako. Na siku utakapoitwa na mtu anayekupenda, akupe miguu ya kuitika.