Ndege wa Mwalimu na Swala ya Adhuhuri

Wiki iliyopita nilipita Jette, hapa Brussels, nikakuta chumba chetu cha madrasa kimegeuzwa saluni ya kucha. Nikasimama dirishani nikicheka peke yangu, mpaka dada wa kucha akanipungia mkono niingie. Angejua ninachokicheka! Nilikuwa nimekumbuka siku Mwalimu alipotupeleka nyikani kutazama ndege.

Mwalimu alikuwa mtu wa Bujumbura kama wazazi wetu. Siku za kazi alihudumia wazee, Jumapili akatusomesha Kurani na kutufinya masikio. Mzee mmoja, ambaye Mwalimu alikuwa akimwogesha, ndiye aliyemsimulia habari za ndege mmoja wa nyika za kaskazini: mchana hulala chini, rangi yake majani makavu, humwoni mpaka umkanyage, na baridi ikikaribia huyo, Afrika. Basi Mwalimu hakutulia tena. Yeye alikimbia vita, na kwao alikuwa hajarudi hata mara moja. "Huyu anaenda kwetu kila mwaka, tena bila viza," alituambia. "Donc miye nataka nimuone na macho yangu."

Tukapanda treni, watoto na akina mama, pamoja na ndoo ya ndagala, dagaa wa kwetu, wa kukaanga, ambao harufu yao iliwahamishia abiria wote behewa la pili. Nyika yenyewe ilikuwa mchanga na vichaka vifupi vya maua ya zambarau, hata hujui inaishia wapi. Kiongozi wetu, Mbelgiji mrefu mwenye darubini shingoni, alituomba kitu kimoja tu: kimya. Maskini, alikuwa hajawahi kutembea na mama zetu! Mmoja alizungumza na dada yake kwa simu, spika wazi, mwingine akagawa sambusa kama yuko mnadani.

"Maman, pole pole, ndege atakimbia!" Mwalimu alibembeleza.

"Bon, akimbie. Kwani ni kuku yangu?"

Mpaka jua la utosi tulikuwa tumeona sungura mmoja, naye mkia tu. Mwalimu uso ulimshuka, nikamwonea huruma kweli.

Adhuhuri ikaingia. Tukatandika mikeka kando ya vichaka, Mwalimu mbele, tukaswali. Hapo kiongozi akapata kimya chake, na hapo hapo akamwona ndege: kalala chini, shubiri moja tu kutoka mkeka wa Mwalimu, macho nusu kayafumba. Kiongozi akaganda mdomo wazi. Sisi tukainama, tukasujudu, tukainuka, na ndege hakutikisika. Tulipotoa salamu ya mwisho, shingo zote zimegeukia kushoto, akaruka kulia.

Kiongozi alikuja mbio, karibu alie. Mumemwona, hapo karibu na mkeka? Hakuna aliyemwona. Akina mama wakampa Mwalimu pole kama mfiwa. Yeye alitabasamu tu.

Tuliposhuka Brussels akatandika mkeka kwenye kona ya stesheni, akaanza kuswali adhuhuri upya. Alipomaliza, mama mmoja akamwuliza, "Mwalimu, si tumeisha kuswali kule?"

"Ninyi mumeswali," akajibu, huku akikunja mkeka. "Miye nilikuwa naangalia ndege."

Tulicheka mpaka watu wa stesheni wakageuka. Mwalimu tulimzika hapa hapa, Bujumbura hakuiona tena. Namkumbuka mno, hata kufinya kwake. Na kila mwaka baridi ikianza kunukia, najikuta nimeinua macho juu, sioni kitu, na bado nasema: utusalimie nyumbani.