Chumba Alichokikataa Mama

Nakumbuka Jumamosi ile niliyomleta mama kutoka kijijini Kombewa aje kukaa nasi mjini, Dunga, nikiwa na furaha ya mtu anayejiona ameyaweza maisha. Baba alikuwa ameshafariki, mguu wa mama ulikuwa umevunjika na kuunga vibaya, na daktari alisema asiachwe peke yake tena. Nilikuwa kijana, mwanangu, nina mke, watoto wawili na kichwa kigumu. Nilikuwa nimeongeza chumba kwenye nyumba yangu bila kumwambia, ili nimshangaze. Tofali za kuchoma, dirisha kubwa linalotazama ziwa, sakafu laini ya saruji. Mlango wake ulifungukia ndani, hatua mbili tu kutoka chumba changu na mke wangu. Niliona nimemweka karibu, akiita namsikia.

Mama alisimama pale na fimbo yake, akatazama kitanda, akatazama mlango wetu. Hakuingia. Alirudi uani akaketi kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani.

"Baba Atieno," akaniita kwa jina la binti yangu, si langu kama siku zote, nikajua mambo yameharibika. "Unataka nilale paa moja na wewe na mke wako?"

Usinione mjinga, desturi niliijua. Kwetu mzazi halali chini ya paa la mwanawe aliyeoa. Lakini nilikuwa nimejidanganya kwamba mjini ni mjini, na kwamba chumba kipya ni sawa na nyumba nyingine.

"Mama, siku hizi watu hawaangalii hayo."

"Watu gani? Mimi si mtu?"

Akasema kesho anarudi Kombewa, na mguu ule ule. Siku hiyo alienda kulala kwa jirani yetu Mama Rispa, mjane aliyeuza omena, wale dagaa wa ziwani, na mtaa mzima ukajua kabla ugali haujaiva. Niliona haya, haya ya kweli. Zaidi ya haya niliogopa, maana akianguka kule kijijini, nani angemwinua?

Asubuhi nilimchukua Mzee Odongo, fundi aliyenijengea kile chumba, nikitumaini atanisaidia kumbembeleza. Wala hakubembeleza. Alimsalimu, akamuuliza, "Mama, wewe ungependa kulala wapi?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Mama aliinuka, akatembea polepole mpaka kona ya kiwanja changu, akagonga chini kwa fimbo.

"Hapa. Paa langu peke yangu. Mlango utazame lango, nione nani anaingia. Choo kiwe karibu na kisiwe na ngazi. Na jiko la kuni, hiyo gesi yenu sitaki."

Mzee Odongo alicheka, akaanza kupima kwa hatua. Mama alikubali kungoja kwa Mama Rispa mpaka nyumba iishe, na chumba cha dirisha kubwa wakalala watoto.

Siku ya pili baada ya mama kuhamia, niliingia kwake na sufuria ya samaki, kama nilivyozoea kuingia popote pale nyumbani.

"Toka," akasema. "Piga hodi kwanza."

Nikatoka. Nikasimama mbele ya mlango niliougharamia mwenyewe, kwenye kiwanja changu mwenyewe, nikapiga hodi kwa mama yangu. Akanikaribisha kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu baba afariki, sauti ya mwenye nyumba. Nakwambia machozi yalinitoka, na sufuria mkononi.

Basi, mwanangu, kabla hujaita fundi kumjengea mzee wako, kaa naye. Muulize atalala wapi, ataoga wapi, na nani asipite mbele ya mlango wake. Mmoja atataka chumba cha ndani, mwingine hatataka hata kukiona, usimjibie. Ukishamaliza, mpe ufunguo mkononi, na usijibakizie wa pili.

Mungu akujalie wazee wa kukaa nao na kiwanja cha kuwatosha. Na mguu wako utakapochoka, akupe watoto watakaokuuliza.