Leso Iliyogawiwa Zeze la Mchina

Mjukuu wangu, hebu acha kidogo kutia mapambo nguo za mtoto, njoo ukae hapa. Siku moja siisahau, wakati wa vita vya pili vya dunia, ningali bi arusi mpya hapa Likoni na mimba ya mama yako tumboni.

Alivuka feri Mchina mmoja, mpishi wa meli iliyokuwa ikitengenezwa Kilindini. Mafundi cherehani wa mjini walikuwa wameshikwa na kushona sare za askari, ndipo akafika kwa babu yako, aliyekuwa fundi wa kushona hapa kwetu. Mkononi ana zeze la nyuzi mbili, limewambwa ngozi ya chatu, na mfuko wake umeoza kwa maji ya chumvi. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Akalipapasa lile zeze, akasema, "Baba. Baba kufa." Tukafahamu: zeze ni la marehemu baba yake, naye anataka lishonewe mfuko mpya. Ngozi ilikwisha anza kuchunika, na ingepasuka, pwani hii nzima nani angeweza kuiwamba?

Babu yako akashona mfuko wa turubai kwa nje, bitana ya ndani akaniachia mimi. Nami kwa kupenda sifa nikatoa kitambaa changu cha arusi, atlasi iliyojaa zari, nyuzi za dhahabu. Nilitaka mgeni akanisimulie kwao!

Mama mkwe akakichukua, akanisugua nacho shavuni. Kilikwaruza.

"Mwanangu, mtoto mchanga hupokewa kwa zari?"

"La, mama."

"Basi na zeze hili ni kama mwana wa watu, na safari yake ni ndefu."

Akaingia ndani, akatoka na leso kuukuu, imefuliwa hata maua hayaonekani. Ndiyo iliyompokea babu yako alipozaliwa, na alikuwa amemwekea mjukuu. Nguo ilikuwa adimu siku zile. Akaipasua katikati, nusu akanipa nikashone. Nilimpenda mwanamke yule tangu hapo mpaka tulipomzika.

Mchina alipotia mkono ndani ya mfuko mpya akaona ulivyo laini, alimwinamia mama mkwe huku analia. Mama akamwambia, "Nenda salama, baba."

Nusu iliyobaki ilimpokea mama yako, kisha ikakupokea wewe. Hii hapa, ishike. Ukitaka kumtunza mtu, mwanangu, usitafute kitakachokupa sifa wewe. Tafuta kitakachomgusa yeye bila kumuumiza. Hata maneno yako yawe hivyo, kwa mumeo na kwa mgeni.

Haya, kaifue, uianike kivulini. Mungu akujaalie ujifungue salama, na huyo ajaye aikute imekauka.