Vitu Vizuri vya Kumpelekea Kogo

Sisi tuliokulia mtaa wa Munyaka hatukuwa na simu za kupigia chakula picha. Chakula kilikuwa kinaliwa. Ukikitazama sana, ndugu yako anakimaliza. Vijana wa leo wanapiga chapati picha hadi inapoa, halafu wanalalamika chapati za siku hizi ni ngumu. Si ni wewe umeichelewesha!

Lakini hata sisi tulikusanya vitu vizuri. Ilianza wakati nyanya yetu, tuliyemwita Kogo, alipopigwa teke na ng'ombe wake kule Ainabkoi akavunjika mguu. Baba akamleta kwetu na plasta hadi kwenye paja, akalazwa chumba cha nyuma, dirisha likitazama ukuta wa jirani. Mtu aliyezoea kuamka akiona shamba zima, sasa anaona mawe. Wiki haikuisha, akaacha kula. Mama akimpelekea ugali na mboga, hata mursik, yale maziwa machachu ya kibuyu aliyoyapenda kuliko baadhi ya wajukuu, Kogo anageukia ukuta.

"Asipokula, huo mfupa utashikana na nini?" Mama alitufokea jikoni, utadhani ni sisi tuliompiga teke. Mimi niliogopa kweli. Nilidhani Kogo ataisha tu hivyo, kidogo kidogo, mle chumbani.

Jioni moja niliingia kumsalimia, nikaropoka kwamba nimeona mbwa amelala katikati ya barabara na lori la mahindi linamsubiri aamke. Kogo akageuka. "Mbwa wa rangi gani?" Nikamwambia. "Na dereva hakupiga honi?" Nikamwambia alizima injini, akashuka kununua ndizi. Kogo akacheka, akavuta sahani.

Kuanzia siku hiyo ikawa sheria. "Hakuna kuingia hapa mikono mitupu," alisema Mama. "Kila mtu alete kitu cha Kogo." Basi tukawa tunatembea tukichungulia kila ua na kila mtaro. Kitu kikubwa hakikukubalika. Kaka yangu Kibet alijaribu kumletea twiga, eti kamwona sokoni. Kogo akamuuliza twiga alikuwa ananunua nini. Kibet akasema vitunguu. Sahani ilirudi jikoni imejaa, na Mama akamvuta Kibet sikio mpaka nikamhurumia.

Shida ni kwamba njia ya shule ni ileile kila siku, na vitu vizuri vikaanza kutuishia. Hapo ndipo Wanjiru, binti wa mwenye duka jirani, alipoona biashara. Yeye alishinda kwenye kaunta ya baba yake, kila kinachopita anakiona. Ukimpa mapera, anakupa kitu kizuri ukaseme ni chako. Kibet alikuwa mteja kwa siri. Mimi pia, kwa siri.

Jumapili moja nilichelewa nje nikiosha matope miguuni, Kibet akatangulia. Nikaingia mbio: "Kogo! Leo kuku ametaga ndani ya kofia ya mzee wa kanisa, mzee akakataa kumfukuza, akaenda ibada kichwa wazi!"

Kibet akanitolea macho. Kogo, tonge mkononi, akatuangalia kwa zamu. "Hata wewe una kuku huyohuyo? Haya, hiyo kofia ilikuwa rangi gani?"

"Nyeusi," akasema Kibet.

"Kahawia," nikasema, wakati huohuo.

Kogo akarudisha tonge kwenye sahani. Na tangu asubuhi alikuwa hajaonja kitu.

"Mwenyewe wa hii hadithi ni nani?" akauliza. "Mleteni."

Wanjiru akaletwa, mapera yetu yamejaa mfukoni. "Kofia ni ya kijani, Kogo," akasema. "Ni ya baba yangu. Na mama yangu amemwambia kama anampenda kuku hivyo, leo akalale naye."

Woi! Kogo alicheka hadi plasta ikagonga ukuta, akalia kwa uchungu, akacheka tena. Alimaliza sahani, akaitisha nyingine. Wanjiru akamiminiwa mursik, akafunga pua, akanywa yote. Tangu hapo alikuja kila jioni mwenyewe, na biashara ikafa.

Mfupa ulishika. Kogo alirudi Ainabkoi akitembea, na nasikia alimsalimia yule ng'ombe kwa fimbo. Aliishi miaka mingi, kisha akapumzika.

Juzi, siku ya soko kule mji wa Ziwa, niliona punda amefungiwa mwavuli kichwani, mwenyewe ananyeshewa. Nikapiga picha, nikatuma kwenye grupu ya familia. Vidole gumba vikamiminika. Kibet akatuma vile vikatuni vinavyolia kwa kicheko. Nami nilikuwa nimemhoji mwenye punda vizuri, majibu ninayo yote. Nilikaa na simu hadi jioni. Hakuna hata mmoja aliyeuliza punda alikuwa anaenda wapi.