Vibuyu vya Mbegu vya Mama Ruguru

Peninah Igoki aliishia kidato cha nne, lakini katika maabara ya shule yetu pale Siakago hakuna mwalimu aliyethubutu kugusa chupa zake bila kubisha hodi. Mimi nilikuwa mwalimu wa kemia, na naungama kwamba nusu ya majaribio niliyosifiwa aliyaandaa yeye. Alizaliwa Mitunguu kwenye migomba na maji ya mfereji, akaolewa na Njoka, fundi wa baiskeli, huku kwetu kwenye jua na mawele.

Mwaka 1996 mama mkwe wake, Ruguru, alianza kusahau. Mwanzoni tulicheka, maana nani hasahau? Kisha akapotea kwenye njia ya kisimani aliyoipita miaka hamsini. Septemba, mvua ikikaribia, vibuyu vyake vya mbegu vikatoweka.

Huku kwetu mbegu ni za mama wa boma. Huzichagua mwenyewe, huzichanganya na majivu zisiliwe na wadudu, na siku akichoka humkabidhi mke wa mwanawe kwa mkono wake. Ruguru hakukabidhi kitu. Alisimama uani akasema mke wa Njoka ni mwizi, mbegu alizoiba zisimwotee, na yeye mwenyewe asiote mizizi katika boma lile.

Laana ya mzazi si mchezo. Wazee wa ukoo walitikisa vichwa, na Njoka, mtu mpole kupita kiasi, akamwomba mkewe arudi kwao kwa muda. Peninah aliijua hiyo "kwa muda" ya wanaume. Siku ile aliosha mirija ya kioo iliyokuwa safi tayari, na mimi nilimkasirikia Njoka kana kwamba amenifukuza mimi.

Daktari mmoja wa Embu ndiye aliyeutaja ugonjwa wa Alzheimer. Alisema dawa ya kuuponya hana, ila dalili anazijua. Nikamtafutia Peninah jarida la sayansi lenye picha. Protini ni kama uzi unaojikunja kwa umbo lake maalumu. Katika ugonjwa huu vipande vyake hukunjika vibaya, vikashikamana kuwa nyuzi, na nyuzi zikawa mabonge kati ya seli za ubongo. Alilisoma mara tatu, kisha akaniomba taa ya spiriti.

Jumamosi alimwita Njoka maabarani. Akavunja yai, akatia ute kwenye mrija, akaupasha moto mpaka ukawa mweupe na mgumu.

"Umeona nikiongeza kitu?" aliuliza.

Njoka akakiri hajaona.

"Ni protini ile ile. Imebadilika umbo, ikashikana. Kichwani mwa Mama hakuna moto, lakini kuna kitu kinashikana hivi. Si mimi nimekiweka, wala si mchawi. Ule mdomo ulionilaani ni wa ugonjwa."

Njoka akauliza kama ute ule unaweza kurudi ulivyokuwa. Peninah akasema hauwezi. Hapo mwanamume akalia, nami nikajifanya natafuta chaki. Alipotulia alisema anamwamini mkewe, lakini wazee hawatatulizwa na yai. Wanataka mbegu zitoke mkononi mwa Mama. Mke na mume wakakubaliana Peninah angoje mvua ya kwanza. Zisipopatikana, atakwenda Mitunguu.

Mvua ilinyesha Oktoba, siku ya kumi na tisa. Asubuhi Peninah alikuwa akimwosha Ruguru miguu, bibi akamkazia macho, akamwita Wanjira. Huyo alikuwa dada yake, aliyefariki zamani. Akamshika mkono, akampeleka mpaka nyuma ya zizi la mbuzi, akafukua mabua kwa vidole vyake, na vibuyu vitatu vikatokea. Akamwekea mikononi kimoja kimoja. Njoka alikuwa zizini, akisikia kila neno.

"Wanjira, nifichie hizi," Ruguru alisema. "Mke wa Njoka asizione."

Peninah alipiga magoti kwenye matope, akavipokea kwa mikono miwili.

"Hatazigusa, dada," akasema.

Mchana ule ule alizipanda, na Njoka akamfuata nyuma akifukia mashimo.